Ganondorf katika Super Smash Bros.: je, mapigo yake yanamtendea haki?

Mwanahyrule aliuliza:

Salamu kwenu nyote. Ninaomba tumjadili Ganondorf kama mhusika mwovu ndani ya Super Smash Bros., mchezo wa Nintendo wa kupigana unaowakutanisha wahusika wa michezo mbalimbali, hasa mapigo aliyopewa na namna umbo lake lilivyobuniwa, kwa sababu kila ninapomchezesha katika toleo la Ultimate ninahisi kwamba nimeshika mtu mwingine aliyevaa sura yake. Ganondorf tuliyemfahamu kwa mara ya kwanza katika The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya mwaka 1998 ni mfalme wa Wagerudo, jamii ya wanawake wa jangwani ambamo mwanamume huzaliwa mmoja tu katika kila miaka 100. Ni mchawi aliyemlaani Mti Mkuu wa Deku, akapiga magoti mbele ya mfalme wa Hyrule huku moyoni akipanga kumpindua, kisha akasubiri kwa subira mtoto Link, shujaa wa hadithi, amfungulie njia ya kuifikia Triforce, hazina takatifu yenye nguvu kuu. Katika pambano lile la kileleni mwa mnara anaelea hewani, anarusha tufe la nishati ambalo Link hulirudisha kwa upanga, na ngumi yake anaitumia kuvunja sakafu iliyo chini ya miguu ya Link.

Sasa mtazameni katika Smash. Warlock Punch ni ngumi iliyozungushiwa giza. Wizard's Foot ni teke la kuteleza mbele. Dark Dive ni kuruka juu na kumng'ang'ania mpinzani hadi amlipukie. Ukiondoa rangi ya zambarau na kuweka moto mwekundu, unabaki na Captain Falcon, dereva wa magari ya mashindano kutoka F-Zero, na hakuna katika mapigo hayo hata kitu kimoja kinachorushwa kwa mbali. Mhusika ambaye katika hadithi yake hutegemea uchawi na hila amewekwa ulingoni bila uchawi wowote unaovuka hatua chache kutoka mwilini mwake.

Ninayo maswali mawili. La kwanza ni la historia: kwa nini alipewa mapigo ya mtu mwingine, na kwa nini yamebaki naye kuanzia toleo la Melee hadi Ultimate? La pili ndilo linalonisumbua zaidi: tukiacha kando suala la nguvu zake katika mashindano, je, mtu asiyewahi kucheza mchezo wowote wa Zelda anaweza kumfahamu Ganondorf ni nani kwa kumtazama akipigana katika Smash? Ningependa majibu yenye mifano ya mapigo yenyewe.

---

Mzee wa GameCube alijibu:

Ndugu Mwanahyrule, nitajibu swali la kwanza, kwa kuwa la pili linahitaji watu wenye vidole vyepesi kuliko vyangu.

Super Smash Bros. Melee ilitoka Japani mnamo Novemba 2001, na Masahiro Sakurai, aliyeiongoza, amewahi kueleza kwamba yeye na wenzake wa HAL Laboratory waliitengeneza kwa miezi 13 tu. Kazi ilipokaribia kwisha, waliongezwa wapiganaji kadhaa ambao mapigo yao yalijengwa juu ya mapigo ya wengine waliokwisha kukamilika: Dr. Mario juu ya Mario, Falco juu ya Fox, Pichu juu ya Pikachu, Roy juu ya Marth, Young Link juu ya Link, na Ganondorf juu ya Captain Falcon. Kumtengeneza mpiganaji mpya kabisa kunahitaji kuchora kila mwendo wake, kupanga kila pigo na kulijaribu dhidi ya wengine wote. Kumpa mwili mpya miendo iliyopo kunapunguza kazi hiyo mno, mradi miili yenyewe ifanane. Falcon ni mwanamume mrefu, mwenye mabega mapana na mikono mirefu, na kati ya waliokuwapo hakuna aliyemkaribia Ganondorf kwa umbo kuliko yeye. Hiyo ndiyo sababu, na kwa maoni yangu ni sababu ya heshima: bila mkato huo, huenda adui mkuu wa Hyrule asingeonekana kabisa katika Melee.

Hata hivyo, si kweli kwamba alinakiliwa bila kufikiriwa. Pigo la mbele la angani la Falcon ni lile goti mashuhuri lenye umeme, ambalo lisipopata mahali pake halina uzito. Ganondorf yeye hushusha ngumi kutoka juu ya kichwa kama mtu anayefunga mlango wa chuma. Mbio zake zilipunguzwa, nguvu zake zikaongezwa. Miendo ni ileile, lakini muda na uzito wake ni tofauti, na aliyewahi kuwachezesha wote wawili usiku mmoja anafahamu kwamba mikono hulazimika kujifunza upya.

Kuhusu umbo, kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Katika maonyesho ya Nintendo ya Space World ya mwaka 2000, ambapo GameCube ilitambulishwa, ilionyeshwa filamu fupi ya Link na Ganondorf wakipigana kwa panga. Mchezo wa Zelda wenye sura ile haukutoka, lakini upanga ule wa Ganondorf uliingia katika Melee: baada ya kushinda, anauinua mbele ya kamera. Kwa hiyo tulikuwa na mtu aliyebeba upanga, anayeuonyesha baada ya ushindi, na ambaye hautumii hata mara moja vita vikiendelea. Sisi tuliocheza wakati ule tulilalamikia jambo hilo kwa miaka mingi.

Katika toleo la Brawl la mwaka 2008 alivalishwa umbo la Twilight Princess, mchezo wa Zelda uliotoka mwaka 2006, na hapo kazi ya wabunifu ilistahili sifa. Ukimkaribia kwa kamera unaona jeraha linalong'aa kifuani, pale alipochomwa upanga na wahenga walipojaribu kumuua, na upanga wenyewe anaubeba kama nyara. Link na Zelda nao walitoka katika mchezo uleule, hivyo watatu hao wakisimama pamoja walionekana watu wa dunia moja. Kwa bahati mbaya, upanga uliendelea kuwa wa kuringia tu, na mwendo wake ulizidi kuwa mzito kiasi kwamba wachezaji wa mashindano walimweka mwishoni kabisa mwa orodha ya wapiganaji.

---

Fundi wa Fremu alijibu:

Ninamshukuru Mzee kwa maelezo hayo. Mimi nitalishughulikia swali la pili, na ninatangulia kusema kwamba sikubaliani na mwuliza swali. Naamini mapigo ya Ganondorf, pamoja na asili yake ya kuazimwa, yamekuwa miongoni mwa mapigo yanayoeleza uovu kwa ufasaha zaidi katika mchezo mzima, na ushahidi wangu mkubwa ni pigo moja ambalo Falcon hana: Flame Choke.

Katika Melee, kitufe cha B pamoja na kusukuma kijiti pembeni kilimfanya akimbilie mbele na kumpiga mpinzani kwa mlipuko, kama Falcon. Kuanzia Brawl, pigo hilo lilibadilishwa. Sasa anakimbia mbele, anamkamata mpinzani shingoni, anamnyanyua kwa mkono mmoja, giza linalipuka kiganjani, kisha anamwachia aanguke chini miguuni pake. Kwa kuwa ni ukamataji, ngao haimsaidii anayekamatwa. Ila ubora wake unaanza pale mpinzani anapogusa ardhi. Mpinzani ana njia chache tu: abofye ngao kwa wakati ili ainuke palepale, abingirie nyuma, abingirie mbele, au akose muda na kubaki amelala. Ganondorf amesimama juu yake na kazi yake ni kubashiri. Akibashiri kwamba utabingiria nyuma, anakufuata na kukupiga. Akikuona umelala, anakupiga teke la chini kabla hujajikusanya. Nawe ukishapigwa mara mbili kwa njia ileile unaanza kuogopa kufanya lile ambalo vidole vyako vimezoea. Hapo ndipo hila iliyotajwa katika swali inapoonekana. Imehamia kichwani mwa anayemchezesha, ambaye hulazimika kumsoma mtu aliye mbele yake kama Ganondorf alivyomsoma mfalme wa Hyrule na yule mtoto.

Tazameni pia lile teke lake la juu linaloitwa na wachezaji teke la volkano. Mchezo huu huenda kwa fremu (picha za mwendo) 60 kwa sekunde, na katika Ultimate teke hilo huchukua takriban sekunde nzima kabla ya kutua. Anainua mguu, anauweka juu, hewa inaanza kuwavuta walio karibu, na kila aliye ulingoni anajua kinachokuja. Kwa hesabu za kawaida ni pigo baya, kwa sababu mpinzani aliye macho ana muda wa kuondoka na kurudi kumwadhibu. Lakini mpelekee mtu anayening'inia ukingoni mwa jukwaa, ambaye muda wake wa kinga unakwisha na lazima achague namna ya kupanda, halafu uone anavyohangaika. Warlock Punch nayo ni hivyohivyo: inazidi sekunde moja, na akiwa ardhini hupokea mapigo bila kusitishwa, hivyo anayejaribu kumkatiza huona ngumi ikiendelea kuja.

Udhaifu wake nao unaeleweka. Hana cha kurusha, mbio zake ni kati ya zile za chini kabisa, na akitupwa nje ya jukwaa anarudi kwa shida, kwa kuwa Dark Dive humpandisha lakini haimfikishi mbali pembeni. Wapinzani wenye silaha za mbali humchosha kwa kumzuia asisogee. Hata hivyo, akifika, mapigo matatu au manne yanatosha kumaliza maisha. Wapiganaji wengi wa mchezo huu hukusanya madhara kidogokidogo kwa misururu mirefu ya mapigo; Ganondorf anaingia katika mechi akiwa na haki ya kukosea mara nyingi na kupatia mara chache, na hali hiyo humfanya kila anayepambana naye acheze kwa hadhari hata akiwa anaongoza kwa mbali. Sioni namna bora zaidi ya kumfanya mchezaji ahisi kwamba anapigana na mwenye Triforce ya Nguvu.

---

Mwanahyrule alijibu:

Fundi, maelezo yako kuhusu Flame Choke yamenigusa, na ninakubali kwamba hofu ipo. Lakini hofu uliyoieleza ingeweza kuletwa na jitu lolote lenye nguvu na mwendo wa taratibu. Ninachokitafuta ni mfalme, mchawi na mpiga upanga. Katika Hyrule Warriors ya mwaka 2014, ambayo si mchezo wa ulingo lakini nayo inawakutanisha wahusika wa nyakati mbalimbali za Zelda, alipewa panga mbili kubwa, na kila pigo lake lilimwonyesha kuwa jemadari anayelifagia jeshi zima. Ikiwa watengenezaji wale waliweza kumjengea mapigo yake mwenyewe, ni kitu gani kilichozuia Smash kufanya hivyo kwa miaka yote hiyo?

---

Binti Gerudo alijibu:

Kaka Mwanahyrule, ninaona kwamba Ultimate ya mwaka 2018 ilikujibu nusu. Ganondorf alirudishiwa umbo la Ocarina of Time: nywele nyekundu, kito cha paji la uso, joho, na uso wa mtu mwenye nguvu kuliko yule mchovu mwenye ndevu wa Twilight Princess. La maana zaidi, mapigo yake ya Smash, yaani yale mazito kuliko ya kawaida, yalibadilishwa yote na kuwa ya upanga, ule ule wa Space World ambao Mzee ameutaja. Kabla ya hapo, pigo lake la Smash la mbele lilikuwa kiwiko. Sasa anauinua upanga kwa mikono miwili na kuushusha mbele yake, na umbali ambao ncha inaufikia uliwashangaza wengi waliozoea kusimama pale ambapo kiwiko kisingewafika. Vilevile Final Smash yake, yaani pigo lake kuu la pekee, ambayo zamani ilimgeuza kuwa mnyama wa miguu minne wa Twilight Princess, sasa inamgeuza kuwa Ganon, umbo lake la kinyama, mwenye panga mbili katika magofu ya ngome ya Ocarina of Time. Ganon huyohuyo ni adui mkubwa katika World of Light, safari ya hadithi ndani ya Ultimate, na pale unatakiwa kumpiga mkiani, kama ilivyokuwa katika Ocarina of Time.

Kwa hiyo kumbukumbu za mchezo wa asili zimeongezeka. Linaloniuma ni kwamba zimeongezwa pembeni mwa mwili uleule wa Falcon, na tofauti inaonekana wazi ukimweka karibu na waovu waliokuja baadaye. Mchukueni King K. Rool, aliyeingia katika Ultimate baada ya kusubiriwa kwa miaka mingi. Taji analolirusha linatoka Donkey Kong Country ya mwaka 1994, bunduki ya mdomo mpana inatoka mchezo wa pili wa mwaka 1995, panga boi anayojifunga mgongoni inatoka wa tatu wa mwaka 1996, na glavu za ndondi zinatoka Donkey Kong 64 ya mwaka 1999. Mtu anayemchezesha kwa dakika tano ameshasimuliwa maisha yake yote. Au mtazameni Sephiroth, aliyeongezwa Desemba 2020: upanga wake mrefu kupita kiasi unamlazimisha mchezaji apime umbali kila wakati, na anapozidiwa mechini anaota bawa moja, anapata mruko wa ziada na nguvu zaidi. Jambo linalofahamika kumhusu tangu Final Fantasy VII ya mwaka 1997, kwamba huwa wa kutisha zaidi unapodhani umemshinda, limegeuzwa kuwa kanuni ya mchezo. Hao wawili walibuniwa kwa kuanzia kwenye hadithi. Ganondorf alianzia kwenye mwili wa mtu mwingine, na kila toleo limekuwa likimrekebisha bila kumwanza upya.

Sababu ya kutoanza upya ninaielewa, na naomba tusiwalaumu watengenezaji kwa wepesi. Kufikia 2018 wapo watu waliokuwa wamemchezesha kwa miaka 17. Goti la Falcon si lake, lakini ile ngumi ya kutoka juu ni yake, lile pigo la kukanyaga angani wamelizoea kama jina lao, na Flame Choke wamejenga juu yake elimu nzima ambayo Fundi ametuonyesha sehemu yake tu. Ukifuta vyote hivyo unamfukuza aliyevumilia miaka ya Brawl.

Mimi ningebadilisha jambo moja: ningempa lile tufe la nishati la mnarani. Lirushwe polepole, lionekane vizuri, na mpinzani yeyote aweze kulirudisha kwa kulipiga kwa wakati unaofaa, naye Ganondorf aweze kulirudisha tena. Silaha hiyo ingekuwa na sura ya uchawi na ingebeba udhaifu wake wa kweli, kwani katika hadithi ameangushwa mara nyingi na nguvu aliyoirusha mwenyewe, kwa sababu alimdharau aliyesimama mbele yake.

---

Fundi wa Fremu alijibu:

Dada, nilikuwa tayari kulipinga pendekezo lolote la silaha ya mbali, kwa kuwa Ganondorf akiweza kukaa upande wa pili wa jukwaa na kurusha vitu, ile hofu ya kumwona akisogea hatua kwa hatua inakwisha. Tufe linaloweza kurudishwa ni jambo jingine. Anayelirusha analazimika kulifuata kwa nyuma ili awe karibu litakaporudi, na mpinzani anapojiandaa kulipiga anakuwa amesimama pale ambapo Flame Choke inafika. Silaha hiyo ingemsogeza mbele badala ya kumweka mbali.

Swali linalobaki ni kitufe. Dark Dive haiondoki, maana bila hiyo harudi jukwaani kabisa. Flame Choke haiguswi. Wizard's Foot ndiyo njia yake ya kutoka kwenye kona akiwa amebanwa. Inabaki Warlock Punch katika kitufe cha B pekee, na hapo nina wazo: kubofya kwa haraka kutoe tufe, na kushikilia kitufe kulete ngumi ileile, na muda wake uleule. Mpinzani anayeuona mkono ukianza kurudi nyuma asingejua mara moja ni kipi kinachokuja, na nusu sekunde ile ya kutokujua ingetosha kubadilisha namna anavyojilinda.

---

Mwanahyrule alijibu:

Nimelielewa, na ninalipenda kuliko nilivyotarajia. Ningeongeza tu kwamba tufe likirudi na kumpata, asirushwe mbali. Apigwe na butwaa na kushuka goti moja, kama anavyofanya mnarani kabla Link hajamkimbilia kwa upanga. Mzee, wewe uliyeicheza Melee tangu mwanzo, je, wenye kuzoea Warlock Punch ya kubofya mara moja wangekubali kushikilia kitufe?

---

Mzee wa GameCube alijibu:

Wangelalamika kwa mwezi mmoja hivi, kisha wangezoea. Sisi tulioipenda Gerudo Dragon ya Melee, lile pigo la kukimbilia mbele lenye mlipuko, tulilalamika vilevile ilipoondolewa ili kuipisha Flame Choke, na leo sijui mchezaji wa Ganondorf anayetaka kurudishiwa ile ya zamani. Shida ninayoiona iko angani: anayeruka na kubofya kwa haraka leo anatarajia ngumi, na akipata tufe badala yake ataanguka nje ya jukwaa pamoja nalo. Ningeliacha tufe liwe la ardhini tu, na angani B ibaki kuwa ngumi kama ilivyo.